Mpinzani wa Ng'ambo ya Barabara

Zuena mwanangu,

Barua zote nilizopata maishani zinaanza kwa mtu kusema yeye ni mzima na kutaka kujua kama nami ni mzima. Mi sikuulizi hali. Nimekuona sasa hivi ukitoka na kitana mkononi, mzima kabisa, unaenda kusukwa nywele za safari. Mama yako yuko uani anakaanga sambusa za kukufikisha Aljeria na kukurudisha. Ni Jumamosi mchana, kesho asubuhi ndege inakuchukua, na mi nimekaa mlangoni kwa duka na karatasi juu ya paja. Sikutaka kungoja usiku. Usiku umeme hauaminiki, na macho yangu, kwa ajili ya safari yako, hayaaminiki zaidi.

Mambo ya pasipoti, ya sweta, ya swala na ya watu wa kuogopa, mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena mpaka kwenye ngazi ya ndege. Mi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe ni Baba Goreti, jirani yetu wa ng'ambo. Usikunje uso. We una jina la mama yangu, ukikunja uso naogopa.

Nimeona ulivyotoka. Ulipinda kushoto ukazunguka nyuma ya msikiti, njia ya mbali, ili usipite mbele ya mlango wao. Serikali ilitoa bourse moja, nafasi ya kulipiwa masomo, ya kwenda kusomea kompyuta nje, mkafanya mtihani we na Goreti, na majina yalipobandikwa lako lilikuwa juu na lake chini yako. Tangu siku hiyo hujavuka barabara hii. Goreti naye hajavuka. Huyo mtoto ndiye aliyekusuka kila mtihani tangu shule ya msingi, mkibishana juu ya hesabu huku anakuvuta kichwa, na leo unampelekea kichwa chako mtu wa avenue nyingine. Ulimwambia mama yako kwamba kila ukiona mlango wao unajiona mwizi. Ndiyo, kaniambia. Nyumba hii haina siri, ina mapazia tu.

Basi nikusimulie nilivyopigana na baba yake. Mengi uliyaona, lakini uliyaona kutoka dirishani, na kitabu mkononi.

Unajua mi ni fundi wa magari. Mikono hii imekulia ndani ya oili. Lakini vita viliingia, halafu vikaja vile vikwazo, mipaka ikafungwa, petroli ikawa ya kutafuta kwa tochi, magari ya Bujumbura yakalala. Fundi wa magari yaliyolala anakula nini? Nikaanza kufungua kila kitu chenye skrubu: redio, pasi, mashine za fotokopi, mwisho kompyuta. Mipaka ilipofunguka, laptop za mtumba zikaanza kuja kutoka Dubai, nikawa fundi na muuzaji. Mama yako alisema angalau sasa shati langu linatakata.

Wateja wetu wakubwa walikuwa wapiga video wa harusi. Mtu wa mbali hawezi kuelewa, lakini vita havikusimamisha harusi hapa, vilizisukuma tu zikawa za mchana. Watu wanaoana mbio, wanacheza mbio, na kabla ya couvre-feu, saa ya kutotoka nje, kila mtu yuko ndani kwake. Na nusu ya ukoo haifiki, kwa sababu barabara si salama. Kwa hiyo harusi yenyewe ndiyo inayosafiri. Inatolewa kwenye kaseti, inabanwa ndani ya kompyuta mpaka ienee kwenye CD, na CD inapelekwa kwa shangazi wa Rumonge na mjomba wa Uvira, nao walie na kucheka kwao. Kuibana harusi ni kazi nzito. Kompyuta dhaifu inakesha, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Ndiyo maana kila mpiga video aliyeingia hapa aliuliza swali lile lile: ipi inabana harusi haraka, na ni bei gani?

Hiyo haraka inatoka kwenye prosesa, ule moyo wa kompyuta. We utaenda kuisomea, utanirekebisha. Kule Marekani kuna kampuni mbili zinazogombania laptop za dunia nzima, ipi itatia moyo wake ndani. Moja kubwa, ina pesa, stika yake ya bluu. Nyingine ndogo, inaikimbiza ile kubwa miaka yote na haichoki, stika yake ya kijani. Sisi wa Buyenzi majina yao hatukuyajali. Tulisema Bluu na Kijani, kama timu za mpira, na kuna watu walinuniana kwa ajili yake.

Mi nilikuwa Bluu, na nilikuwa Bluu kwa kosa la kifundi. Kila prosesa ina namba yake, wanaita megahezi, yaani mapigo ya huo moyo. Fundi wa magari akisikia mapigo anafikiria nini? Anafikiria injini inavyozunguka. Nikasema, hii naijua, hii nimeiishi, inayozunguka zaidi ndiyo inayokwenda zaidi. Nikanunua Bluu za namba kubwa kupita zote zilizofika kutoka Dubai, za bei ya kuumiza, nikazipanga hapa mlangoni na kuandika namba kwa chaki ubaoni, kubwa, hata mpita njia wa baiskeli asome. Na mi nimetengeneza malori maisha yangu yote. Lori linazunguka polepole na linabeba nyumba. Sikulikumbuka lori.

Baba Goreti alikuwa jirani yetu tayari. Nyumba yao ya Kamenge iliungua mwanzo wa vita, wakahangaika hapa na pale, wakapanga ng'ambo yetu, kibaraza chao kinaangalia changu. Mkristo mpole, fundi wa redio, anaongea kama mtu anayeomba ruhusa. Tulikuwa tunapeana chumvi. Halafu siku moja naona naye ametoa meza, juu ya meza laptop. Mtaji wake ulikuwa mdogo, kwa hiyo alinunua Kijani, kwa sababu Kijani ni bei rahisi, na namba zake zilikuwa ndogo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikawaambia wateja kwamba zile za ng'ambo zina namba za viatu.

 Baba Goreti alimwambia tu mteja mmoja kwamba kama Baba Zuena anapenda, tuweke meza barabarani Jumamosi, harusi moja, kipande kimoja, tuone nani anamaliza mbele. Maneno hayo yalinifikia kabla mteja mwenyewe hajavuka.

Siku hiyo unaikumbuka. Meza mbili katikati ya avenue, waya zimevutwa kutoka madirishani, watu wamejaa, wa Bluu huku na wa Kijani kule. Anayeshindwa anawanunulia watoto wa avenue Fanta. Kipande kilikuwa cha kutoa zawadi, kirefu, kila shangazi anasimama na hotuba yake. Tukabonyeza pamoja. Yangu ikaanza kunguruma, feni inalia, joto linatoka ubavuni. Mama yako akapitisha mkono akasema anaweza kunyooshea kanga hapo. Nikamwambia ndio uwezo huo, injini yenye nguvu lazima ipate moto. Halafu umeme ukakatika, umeme wetu si unaujua. Laptop zote zikabaki kwa betri. Yangu ilivumilia mashangazi wawili, wa tatu akasimama na sufuria yake mkononi, akafungua mdomo, kioo kikawa cheusi. Ile ya Baba Goreti ikaendelea polepole, baridi, shangazi baada ya shangazi, mpaka bibi harusi akafuta machozi na kazi ikaisha. Goreti alikuwa anarukaruka. We ulikuwa umejifunika uso kwa kitabu.

Nikasema ni umeme. Jumamosi iliyofuata umeme ulikuwepo, nikashindwa tena, safari hii kwa kidogo. Nikasema kioo chake kinadanganya. Ndipo mama yako, aliyekuwa anatwanga majani ya sombe, kisamvu, uani, akaniambia bila kuinua kichwa:

"We unahesabu muchi unapiga mara ngapi. Angalia sombe imelainika namna gani."

Ndiyo hivyo tu. Yule mdogo wa Marekani hakuweza kumshinda mkubwa kwa wingi wa mapigo, kwa hiyo alihakikisha kila pigo lina kazi ndani yake. Hata megahezi aliacha kuzitangaza, akabandika namba zake mwenyewe. Mi nilikuwa nauza kelele za mchi.

Ungedhani nilijifunza. Wapi. Mtu akiaibika mbele ya watu wa kwao hajifunzi, anatafuta fimbo, na fimbo yangu ilikuwa bei. Mtaji wangu ulikuwa mkubwa kuliko wake, nikashusha. Akishusha, nashusha. Nikafika chini ya bei niliyonunulia, ikawa ni kama namlipa mteja achukue laptop yangu, mradi tu asivuke barabara. Wateja miezi ile walinipenda kuliko mke wangu. Mwisho Baba Goreti akafunga. Alipakia meza na magodoro kwenye mkokoteni, yeye na mkewe na Goreti wakaufuata kwa miguu kwenda Kajaga, kwa shemeji zake wavuvi. Alipofika hapa mlangoni alisimama akaniaga kwa mkono. Mkono nilimpa. Jioni nikamwambia mama yako apike pilau. Alipika, hakula, na mi nilikula ya kwangu na ya kwake, nikatangaza kwamba avenue sasa ni yangu.

Ikawa yangu kweli, na ikawa kimya. Jumamosi hakuna meza, hakuna kelele, watoto wanapita wananiangalia kama mtu aliyewaibia Fanta. Wapiga video wakaanza kwenda mpaka Ngagara kuuliza bei, kwa sababu tu huko kulikuwa na wauzaji wawili. Mmoja wao aliniambia hapa kwangu si sokoni tena, ni foleni ya dispansari, unachukua unachopewa. Na wale wanaoleta mizigo kutoka Dubai, walipoona Kijani haina mnunuzi huku, wakaacha kuileta. Bluu ikabaki peke yake ndani ya makasha yao, na bei yake ikapanda. Nikalalamika. Wakaniuliza, kwani utanunua nini kingine?

Halafu ikaja ripoti yako ya shule. We, ambaye usipokuwa wa kwanza ulikuwa wa pili, ulikuwa umeteremka mpaka katikati ya darasa, na hesabu imezungushiwa wino mwekundu. Nilikuita hapa hapa mlangoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali, nimeyapanga. Uliniangalia bila kuogopa, ukauliza:

"Baba, sasa nimshinde nani?"

Labda umesahau. Mi nilikaa na swali hilo siku kadhaa, nikila, nikiswali, nikifunga na kufungua duka ambalo haliingii mtu.

Asubuhi moja nikachukua baiskeli nikaenda Kajaga. Wakati ule barabara ile haikuwa ya matembezi. Kwenye kizuizi wanajeshi waliniuliza naenda wapi, nikasema naenda kumrudisha mtu niliyemfukuza sokoni. Mmoja akasema tangu avae buti hajasikia safari ya namna hiyo, akanipitisha.

Nilimkuta ufukweni. Ndagala zimeanikwa mchangani kila upande, na yeye katikati, ameweka laptop yake ya Kijani juu ya beseni lililofunikwa, ameiunga kwa betri ya gari kwa namna anayoijua mwenyewe, anabana harusi ya mvuvi wa pale. Goreti alikuwa pembeni anafukuza ndege wasile samaki, na kitabu cha hesabu kimebanwa kwapani. Zuena, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeona pochi yake ikiwa bado pale alipoisahau. Nikasema moyoni, Alhamdulillah, hajafa, mpinzani wangu hajafa.

"Rudi," nikamwambia.

Aliendelea kugeuza ndagala. "Nirudi ili uniue mara ya pili?"

"Apana. Urudi unishinde."

Aliziacha ndagala. Halafu akamwita mkewe aje asikie, akisema peke yake hataaminiwa. Akatoa masharti. Hakuna kuuza chini ya bei ya kununua, si yeye, si mimi. Jumamosi meza zirudi barabarani. Na siku ile ile nifunge kapu la ndagala kwenye baiskeli yangu, niingie nalo Buyenzi mchana kweupe, nipite avenue nzima polepole, watu wote wajue nimetoka wapi. Nikakubali yote. Nilinuka ndagala wiki nzima. Sasa unajua kwa nini kila Jumamosi nyumba hii inakula ndagala, na kwa nini mama yako anazipika huku anacheka peke yake.

Walirudi, na tangu hapo tunapigana vizuri. Yule mkubwa wa Marekani naye kumbe alikuwa ameumia. Aliona kelele haziuziki tena ndani ya laptop, akaleta prosesa mpya yenye mapigo machache, baridi, na betri inavumilia hotuba za mashangazi wote mpaka na za mashemeji. Nilipoiweka mezani nilishinda, na Baba Goreti alienda kununua Fanta akitembea kama anakwenda kumzika mtu. Kijani wakajibu kwa bei, wakashusha. Bluu wakashusha. Kijani wakaleta yao mpya. Laptop ambayo zamani ilikuwa ya ofisi kubwa, leo mpiga video wa Kamenge anakuja na akiba yake ya mwaka anaondoka nayo. Sijui hao wakubwa wa Marekani wakikutana wanasalimiana namna gani. Najua tu mmoja akifa, mwingine atalala, na kitanda tutalipia sisi.

Na we? Muhula uliofuata Goreti alirudi darasani, akawa wa kwanza, we wa pili. Ulilia kwa mama yako, ukasoma. Muhula mwingine we wa kwanza, akalia yeye. Mliendelea hivyo mpaka mkawaacha wenzenu mbali, na nafasi ilipotoka moja, wa kuigombania mlikuwa nyinyi tu. Hukuiba kitu, mwanangu. Wakikuuliza huko nani alikufundisha hesabu, utawataja walimu wako, sawa, lakini mwalimu aliyekutoa jasho ni yule aliyekuwa anakuvuta nywele. Naye hajaanguka. Ameandikishwa chuo hapa hapa, na anaweza kukupita akiwa hapa hapa. Ningependa sana kuona hiyo.

Sasa jambo la laptop. Ndani ya begi lako, katikati ya sweta, nimekuwekea moja. Utaona haina stika. Niliibandua mwenyewe kwa kitambaa na maji ya moto, na usiniulize ilikuwa ya rangi gani.

Haya, ilikuwa ya kijani. Nimezipima zote wiki mbili hizi, za kwangu na za kwake, na kwa pesa niliyokuwa nayo hakuna iliyoishinda. Nilivuka kama mteja, nikangoja zamu yangu nyuma ya watu. Baba Goreti alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akanitajia bei, na bei ilikuwa ndogo mno, naijua biashara hii. Nikamkumbusha sharti la Kajaga. Akasema kwa ile sauti yake ya kuomba ruhusa:

"Baba Zuena, si we napunguzia. Ni mutoto wetu mwenye anakwenda."

Mtoto wetu. Wake mwenyewe amebaki, Zuena, ameketi chumba cha pili anasikia, na yeye anasema hivyo. Nililipa bei kamili, tukagombana, akanisukumia chenji kwa nguvu ndani ya mfuko wa shati. Nilivuka kurudi bila kuiona barabara vizuri, baiskeli nusura inigonge.

Sikwambii uvuke. Mi nilihitaji miezi mizima na pilau ya watu wawili ndiyo nikafika Kajaga, siwezi kukudharau kwa wiki chache. Ninachoogopa ni kimoja tu: upande ndege kesho bila kuvuka, halafu siku moja uwe wa kwanza huko Aljeria, na usiwe na mtu wa kumringia. Mi na mama yako tutafurahi, ndiyo, lakini sisi tutafurahi hata ukiwa wa mwisho. Furaha yetu haina kipimo, haikusaidii. Unahitaji mtu wa kusikia habari hiyo na kununa.

Leo pia meza zimetoka. Kinachobanwa si harusi, ni sherehe yako ya kuagwa, dua ya wazee na ngoma ya mama zako, ili uondoke nayo kwenye CD. Kijani iko mezani kwake, Bluu iko hapa ubavuni mwangu. Tulibonyeza pamoja kabla sijashika kalamu, na watoto wameketi ukingoni mwa barabara wanangoja kujua Fanta ni za nani. Nilipaswa kuangalia mashine, na mi naangalia karatasi.

Ngoja. Nimeinua macho.

Uko ng'ambo. Umekaa kwenye mkeka wa kina Goreti, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Kumbe msusi wa watu umemwacha katikati. Goreti yuko nyuma yako, kitana chako kiko mkononi mwake. Hamsemezani. Bado amenuna, naona anavyovuta, na we umekunja uso na kichwa hukitoi. Anafumua yote ya yule msusi, anaanza upya. Sasa umepiga kelele. Sasa amesema kitu, sijakisikia, lakini mmeanguka wote wawili kwa kucheka, na mama yako ametoka uani na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Nimemwonyesha. Amekaa hapa kizingitini, sambusa zinaungua, na hainuki.

Kwa hiyo barua hii haina kazi. Umevuka bila kusoma hata mstari mmoja, umenizidi mbali. Nitaiweka ndani ya begi hata hivyo, chini ya laptop, uisome siku ambayo masomo ya huko yatakuwa rahisi mno.

Watoto wanashangilia. Baba Goreti amesimama, ameinua CD yako juu. Nimegeukia mashine yangu: imemaliza kubana zamani, kabla ya yake, imeandika kwenye kioo kwamba inaomba CD tupu, na imekuwa inaningoja wakati wote huu nikiandika. Nimeshindwa, Zuena, na sijawahi kushindwa kwa raha namna hii. Naweka kalamu. Watoto wanataka Fanta zao.

Baba yako,
wa upande huu wa barabara.